Fundi, Nipunguzie Meno

Hivi nani aliwaambia watu kwamba Dodoma ni tambarare? Mtu anapita na basi, anachungulia dirishani, anaona mibuyu na mashamba ya zabibu, anarudi kwao kuhadithia kwamba huku ni kama sinia. Aje Ntyuka. Aje na baiskeli, saa kumi na moja jioni, upepo wa Agosti ukimpiga usoni na vumbi la kutosha kufyatulia tofali.

Na mimi huko juu sikwenda kwa mapenzi. Nilikuwa na chumba changu mjini, natulia. Habari ya makao makuu kuhamia Dodoma iliamuliwa 1973, ikakaa maneno miaka arobaini na ushee. Ilipofika 2016 ikawa kweli, na mtu wa kwanza kuitikia wito alikuwa mwenye nyumba wangu. Kodi ikapaa, na mimi nikapaa nayo hadi mlimani.

Ndipo nikanunua baiskeli ya mtumba, ya mbio, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Mbele ina sproketi mbili, yale magurudumu ya meno yanayovuta mnyororo, kubwa meno 52, ndogo 42. Muuzaji akaipiga tandiko kofi: "Mzee, hii ukikanyaga mara moja umefika." Hakunidanganya. Huko kukanyaga mara moja ndiko kulikonishinda.

Hesabu yake ni hii. Hata ukiweka ile ndogo ya mbele, na nyuma ukaweka kubwa kuliko zote, ya meno 28, duru moja ya pedali inaisukuma baiskeli mita tatu na kidogo. Bondeni, raha tupu. Mlimani, mita tatu hizo unazidai kwa goti. Goti lenyewe la miaka hamsini na moja, lililokulia ugali wa uwele, linakuuliza: una haraka gani?

Basi miezi mitano mimi na baiskeli tumepanda Ntyuka kwa miguu. Watoto: "Shikamoo babu, baiskeli inaumwa?" Mama mweka hazina wa kikoba chetu, ndoo ya lita ishirini kichwani, ananipita hivi hivi. Hasalimii, si kwa ubaya; mwenye ndoo kichwani hageuki nyuma.

Nikaenda kwa fundi, chini ya mwarobaini wake.

"Fundi, nipunguzie meno."

"Ya kwako au ya baiskeli?"

Benchi zima likacheka. Fundi baiskeli hana uhaba wa watu wa kukaa benchi. Sijui kazi wanafanya saa ngapi. Akasema wenzangu wanakuja kuongezewa mwendo, mimi wa kwanza kuja kupunguziwa. Lakini alikuwa na baiskeli ya milimani iliyokatika fremu, krenki yake nzima, yaani mikono ya pedali pamoja na sproketi zake tatu. Tukazihesabu meno. Yeye akapata 42, 32 na 22. Benchi likapata 41, 44, na mmoja akapata 60, huyo nadhani alikuwa anahesabu siku za deni lake.

Kufungua sasa. Kijana wake akaikamata pedali ya kushoto, akakaza spana kama anachimba kisima. Anakaza kweli kweli, maana pedali ya kushoto uzi wake ni wa kinyume, inafunguliwa kwa kuzungushia upande wa kulia, kama mshale wa saa. Fundi alipogeuka, kijana alikuwa ameshaning'inia. Krenki nayo ikagoma kutoka, na kivutio chake, kile kifaa cha kuing'olea, kimeazimwa toka Jumatatu. Fundi akaangalia nyundo. Mimi nikamwangalia fundi. Tukasubiri kivutio.

Kufunga nako kuna mambo yake. Sproketi mpya ikawa inasugua fremu, ikabidi tuhamishe na ekseli ya ile baiskeli marehemu, ndefu kidogo. Mnyororo ukalegea ukaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, akapunguza pingili. Kile kibati cha kuhamishia mnyororo kilikuwa kimekaa juu, kinasubiri sproketi ya meno 52 ambayo haipo tena, akakishusha. Shilingi elfu arobaini na tano. Nikalipa, na ilikuwa hela ya kitu kingine.

Jioni nikaingia mlimani, nikaweka ile ya 22. Jamani! Duru moja, mita moja na nusu na kidogo. Goti kimya. Miguu inazunguka kama cherehani, baiskeli inajongea, nimekaa juu ya tandiko kama mheshimiwa. Watoto wamepigwa butwaa. Babu anapanda!

Mbele naiona ndoo. Nikasema leo na mimi nitampita mtu. Nikamfikia, nikawa naye sambamba, nikakanyaga nimpite. Wapi. Nikaongeza. Wapi. Nikitaka kubaki nyuma baiskeli inayumba inataka kuanguka. Ile krenki imekatwa kwa mwendo wa mama mweka hazina, si zaidi wala si pungufu.

Na mtu akiwa ubavuni, hahitaji kugeuza shingo.

"Baba, hujambo?"

"Sijambo, mama. Pole na maji."

"Nimeshapoa. Nasikia umebadilisha vyuma. Shilingi ngapi?"

Nikatazama mbele. Mlima ulikuwa umebaki wote.

"Maana rejesho la mwezi wa saba," akasema, ndoo haitikisiki, "tulikuwa bado hatujaongea."