Sapoti ya Bega Haichaguliwi kwa Picha ya Kwenye Boksi

Jioni moja, katika uwanja wa shule moja hapa Moshi, nilimtazama binti wa dada yangu, mshambuliaji wa timu ya mpira wa wavu, akiruka kupiga mpira aliokuwa ametengewa vizuri kabisa, na mpira ule ukaishia kwenye neti. Akaruka tena, ukaishia kwenye neti tena. Begani alikuwa amevaa sapoti mpya nyeusi, yenye mkanda mpana uliopita kifuani hadi chini ya kwapa la upande wa pili, na kila alipourudisha mkono nyuma ili apige, mkanda ule ulikaza na kuuzuia usifike. "Mjomba, mkono hauendi nyuma," aliniambia aliponijia pembeni mwa uwanja. Alipoivua niliona mstari mwekundu kwapani, mahali mkanda ulipokuwa ukimla, na akaniambia kuwa vidole viwili vilikuwa vimeshikwa na ganzi.

Nilimuuliza aliichaguaje. Alikwenda katika duka moja la vifaa vya michezo, muuzaji akamuuliza swali moja tu, bega lipi linauma, kisha akamtolea boksi lenye picha ya mwanamume mwenye misuli iliyotuna na kumhakikishia kuwa hiyo ndiyo wanayovaa wachezaji wote. Hakuulizwa maumivu yako mbele au nyuma ya bega, yanamjia mkono ukiwa wapi, wala kama bega limewahi kuchomoka. Ninaandika makala haya kwa sababu ya maswali hayo yaliyorukwa, kwa kuwa ninaamini kwamba hakuna sapoti nzuri au mbaya mpaka ijulikane bega lenyewe limepungukiwa na nini.

Bega limeumbwa lizunguke, na limelipia uhuru huo kwa uimara wake. Kwenye nyonga, kichwa cha mfupa kimezama ndani ya kikombe chenye kina. Begani kikombe ni kifupi mno, kiasi kwamba ni kama robo hadi theluthi tu ya kichwa cha mfupa wa mkono ndiyo inayokutana nacho kwa wakati mmoja. Kazi iliyobaki hufanywa na ukingo laini unaokizunguka kikombe, kano, na misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe la bega na kukikumbatia kichwa cha mfupa kisiteleze. Kwa mrushaji wa besiboli aliyebobea, mkono huzunguka begani kwa kasi inayozidi nyuzi 7,000 kwa sekunde, na misuli ya nyuma ya bega ndiyo inayofunga breki. Mshambuliaji wetu wa wavu, mrusha mkuki na mchezaji wa mpira wa mikono hawafiki kasi hiyo, lakini mkono wao unapita njia ile ile, na hakuna kitambaa kinachoweza kuifanya kazi ya breki badala ya misuli.

Mkao wa hatari ndio huo huo mkao wa kupigia: kiwiko kimepanda usawa wa bega, mkono umerudi nyuma, kiganja kinatazama mbele. Hapo kichwa cha mfupa husukumwa kuelekea mbele, na mabega yanayochomoka, kwa sehemu kubwa sana, huchomokea mbele. Sapoti yenye mikanda imetengenezwa kuuzuia mkono usifike katika mkao huo, nayo huifanya kazi yake kwa uaminifu. Tatizo ni kwamba kwa mpigaji mkao huo ndio kazi yenyewe, na ukimnyima, mwili wake utautafuta mwendo uliokosekana mahali pengine, kwenye kiwiko au kwenye kiuno. Binti yetu alikuwa ameshaanza kulipinda pingili la mgongo wa chini ili kufidia, na wiki ya pili akalalamika kiuno. Yeye hakuwa amewahi kuchomoka bega hata siku moja. Alikuwa na maumivu ya kano yaliyotokana na kupiga mipira mingi mno baada ya likizo ndefu.

Katika mji huu huu ninamfahamu kijana anayecheza mpira wa mikono kama beki, ambaye bega lake la kushoto, na yeye hurusha kwa kulia, lilichomoka alipoanguka akiwa amenyoosha mkono. Yeye alinunua mfuko laini wa neopreni, yaani kitambaa cha mpira, ule unaobana na kutia joto bila mkanda wowote wa kuzuia, akaamini kwamba amepona kwa sababu alijisikia ameshikwa, akarudi uwanjani, na bega likachomoka mara ya pili. Kwa vijana walio chini ya miaka 20, bega lililochomoka mara moja lina uwezekano mkubwa sana wa kuchomoka tena, na hilo ni jambo la kuzungumza na daktari wa mifupa, ambaye huenda akapendekeza upasuaji. Iwapo kuna mchezaji ambaye sapoti yenye mikanda inamfaa, baada ya matibabu, ni huyu: bega lenye historia ya kuchomoka, upande wa mkono asiorushia, katika nafasi ya kuzuia na kusukumana. Yeye hapotezi mengi mkono ule ukizuiwa kwenda juu na nyuma. (Na niseme hapa, hata kama ni kando kidogo: bega likichomoka uwanjani, asiruhusiwe mtu yeyote kulivuta ili alirudishe. Mshipa wa fahamu unaopita chini ya kiungo hicho hujeruhiwa kirahisi. Ufungeni mkono kwa kanga jinsi ulivyo, mkamwahishe hospitali.)

Mfuko wa neopreni nao una mahali pake. Hulitia bega joto na kuibana ngozi, na mgandamizo huo humsaidia mchezaji kuhisi mkono wake uko wapi bila kuutazama, jambo ambalo hupungua baada ya kuumia au kuchoka. Kwa asubuhi za baridi za Arusha mwezi wa Julai ninauona una faida ya wazi. Kwa Moshi ya Januari na Februari, jua likiwa limesimama utosini, unageuka kuwa jasho, vipele na harufu, na wapo watu ambao ngozi yao haipatani kabisa na kemikali zilizomo katika mpira huo. Tepu za rangi zinazobandikwa mwilini, zilizobuniwa na Kenzo Kase wa Japani katika miaka ya 1970, hufanya kazi inayokaribiana na hiyo kwa muda mfupi na bila kuzuia mwendo, ila hutaka mtu anayejua kuzibandika na ngozi isiyolowa jasho.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni sapoti inapoficha. Wapigaji wa mpira wa wavu wana tatizo linalofahamika vizuri katika tiba ya michezo, ambapo mshipa wa fahamu unaolisha misuli ya nyuma ya bega hubanwa au kuvutwa, na misuli hiyo ikanyauka taratibu, mara nyingi bila maumivu. Ukimsimamisha mchezaji akiwa kifua wazi na kumtazama kwa nyuma, unaona bonde juu ya kombe la bega la mkono wa kupigia, mahali upande wa pili pamejaa. Niliwahi kuliona bonde hilo kwa mchezaji wa mtaani ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akivaa sapoti mazoezini na kwenye mechi, na ambaye kocha wake hakuwa amepata nafasi hata moja ya kulitazama bega lake. Mtoto wa miaka 11 hadi 16 anayelalamika bega la kurushia naye asivalishwe chochote kabla ya kupimwa, maana katika umri huo mahali panapouma huweza kuwa ni sehemu ya mfupa inayokua, na dawa yake ni kupumzika kurusha.

Ninajua jibu nitakalopewa, kwamba kumwona mtaalamu ni gharama. Ni kweli. Lakini gharama ya sapoti isiyofaa nayo ni gharama, na sisi wa Moshi hatuna sababu ya kubahatisha kuliko miji mingine. Hospitali ya KCMC ina wataalamu wa fiziotherapia na huwafundisha wengine, na katika eneo hilo hilo kiko chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika huja kujifunza kutengeneza viungo bandia na vifaa vya kushikilia viungo. Ujuzi wa kupima mwili na kutengeneza kifaa kinachoukaa upo mlangoni petu.

Kwa atakayenunua dukani au kuichambua kwenye mitumba pale soko la Memorial, aende na futi ya fundi cherehani. Apime mzunguko wa kifua chini kidogo ya kwapa, na mzunguko wa mkono kati ya bega na kiwiko, mara moja ukiwa umelegea na mara ya pili ameukunja kwa nguvu, kisha alinganishe na vipimo vya mtengenezaji. Herufi za ukubwa peke yake hazisemi kitu. Aangalie ni ya bega la kulia au la kushoto. Akiivaa aigize mwendo wa mchezo wake mara ishirini pale pale, aguse kama pana mshono unaokaa kwapani, na akihisi ganzi au vidole kuwa vya baridi aivue. Kwenye sapoti ya mitumba aivute velkro yenyewe: ikiwa imejaa nyuzi za sweta na haing'ati, mikanda itaachia katika kipindi cha kwanza. Yenye chuma au plastiki ngumu iliyo wazi mwamuzi anaweza kuikataa, na kwa haki.

Nchini Norwe, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia wachezaji 660 wa mpira wa mikono wa ngazi ya juu, na timu zilizofanya mazoezi maalumu ya bega mara tatu kwa wiki wakati wa kupasha misuli zilikuwa na uwezekano mdogo wa matatizo ya bega kwa asilimia 28. Mazoezi hayo hutumia vitu kama mpira wa kuvuta, na tyubu kuukuu ya baiskeli inatosha. Ya binti wa dada yangu imefungwa kwenye nondo za dirisha la jikoni kwao, usawa wa kiwiko, na tangu mtaalamu wa fiziotherapia amfundishe namna ya kuivuta na kumpunguzia idadi ya mipira ya kupiga kwa wiki sita, sapoti ile iko kwenye begi lake la shule na hajaivaa tena. Jumamosi iliyopita mkono ulirudi nyuma mpaka mwisho, na mpira ukatua ndani ya mstari.