Misikiti ya Krete: ibaki kumbi za maonyesho au watu waswali?

Pale bandari ya zamani ya Chania, kisiwa cha Krete huko Ugiriki, kuna msikiti wenye kuba kubwa uko karibu kabisa na maji, wanauita Yiali Tzami, hauna waumini wake tangu 1923 na siku hizi ni ukumbi wa maonyesho. Mwaka huo Ugiriki na Uturuki walikubaliana kule Lausanne, Uswisi, wabadilishane watu kwa kigezo cha dini tu, basi Waislamu wa Krete wakapandishwa meli kwenda Uturuki, na wengi wao walikuwa wenyeji kabisa, mababu zao walisilimu zamani na lugha ya nyumbani ni Kigiriki hikihiki cha majirani zao. Inauma sana.

Sasa wanaosema haya majengo yaachwe yalivyo, hoja zao ni nzito jamani, tusizipuuze. Msikiti usio na watu unaanguka, paa likivuja nani atachanga? Msikiti wa Neratze pale Rethymno, mji mwingine wa Krete, umegeuzwa chuo cha muziki na ndo maana bado umesimama. Tena mingi ilikuwa makanisa kwanza! Hiyo Neratze ilikuwa kanisa la watawa Wakatoliki enzi kisiwa kilipotawaliwa na Venice, ule mji wa Italia, kisha Waosmani, yaani watawala wa Kituruki wa zamani, wakaifanya msikiti 1657, mnara wake mrefu ukaja kujengwa 1890. Ukisema kila kitu kirudi kwa mwenyewe, mwenyewe ni yupi? Mkatoliki wa Venice, Mwislamu, au Morthodoksi ambaye kanisa lake lilibanwa na hao hao wa Venice kabla Mwosmani hajafika?

Kanisa la Agios Titos (Mtakatifu Tito) kule Heraklion, hapo hapo Krete, ndo kabisa. Jengo lililopo lilijengwa kama msikiti baada ya tetemeko la 1856, likawa kanisa 1925, na 1966 fuvu la Tito, yule wa waraka wa Paulo, likarudishwa hapo kutoka Venice. Huwezi kuwaambia wale waumini watoke, mi mwenyewe siwezi kuliunga mkono hilo.

Ila ile hoja ya kwamba hakuna Waislamu wa kuswali ilikuwa kweli zamani, leo wapo, wahamiaji na vibarua wanaofanya kazi mashambani na mahotelini. Na Ugiriki yenyewe imeshaonyesha njia, Aprili 2024 waliufungua Yeni Tzami, msikiti wa zamani wa mji wa Thessaloniki ambao nao ni ukumbi wa maonyesho, watu wakaswali Idi el-Fitri, mara ya kwanza baada ya miaka kama 100, na hakuna aliyepokonywa jengo.

Kuna Wagiriki wanaojibu, mbona Uturuki 2020 waliirudisha kuwa msikiti Hagia Sophia ya Istanbul, iliyokuwa kanisa kuu la Waorthodoksi zamani na baadaye makumbusho, kwa nini sisi tulegeze? Uchungu wao naupata vizuri, ila kibarua anayechuma zeituni Krete hakupiga kura Ankara, mji mkuu wa Uturuki, wala hakushauriwa na mtu, kumnyima yeye swala ya Idi ni kumlipisha deni la mwingine.

Kwa hiyo mi nasema yaliyo makanisa yabaki makanisa, chuo cha muziki kiendelee, lakini kumbi za maonyesho kama Yiali Tzami zifunguliwe asubuhi mbili kwa mwaka, Idi ndogo na Idi kubwa, picha zitolewe usiku mikeka itandikwe, mchana maonyesho yaendelee kama kawaida. Manispaa haihitaji kubomoa wala kujenga kitu kwa hilo, ni kibali tu.