Nairobi walitangaza, sisi tulinyamaza

Katikati ya Januari 2025, mlangoni mwa zahanati ninayotibiwa hapa South B, Nairobi, palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Ilimtaka mtu yeyote aliyetoka mkoa wa Kagera, Tanzania, ndani ya siku 21 zilizopita, na ambaye ana homa, anatapika au anaumwa sana kichwa, amweleze mhudumu wa mapokezi kabla hajaketi na wagonjwa wengine. Chini yake palikuwa na namba ya simu ya dharura, 719. Niliisoma mpaka mwisho kisha nikairudia, kwa sababu Kagera ni kwetu. Nimezaliwa Muleba, na shangazi zangu wako huko mpaka leo na migomba yao na kahawa yao.

Tarehe 14 ya mwezi huo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kueleza kwamba Kagera kuna watu wanaoshukiwa kuugua Marburg, ugonjwa hatari wa virusi unaoleta homa kali na kutoka damu, na wizara yetu ya afya ilikuwa imejibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Jioni nilimpigia shangazi. Baada ya shikamoo na marahaba aliniambia kwamba wamesikia kuna watu wamefariki upande wa Biharamulo, ila wameelezwa kwamba hakuna kitu, na kwamba yeye kesho yake anakwenda msibani kwa wakwe wa jirani. Nilimwomba asisogelee kitanda cha mgonjwa wala asishiriki kuosha maiti. Aliniuliza, kwa upole kabisa, habari hizo nimezitoa wapi. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma na Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa Biharamulo. Mlipuko ulipotangazwa kuisha tarehe 13 Machi, wagonjwa waliothibitishwa walikuwa wawili na waliodhaniwa kuwa nao walikuwa wanane, na wote kumi walikuwa wamefariki dunia.

Kinachoniuma ni kwamba mimi niliyeko Nairobi nilijua la kufanya kabla ya shangazi yangu aliyeko Kagera.

Najua fika nitakachoambiwa. Nitaambiwa nimekaa Kenya mpaka nimesahau nilikotoka, kwamba nawasifia wenye nyumba kwa sababu nakula kwao, na kwamba mtu wa kweli humaliza mambo ya kwao ndani. Nimeyasikia hayo tangu mwaka 2020, mengine kutoka kwa watu ninaowaheshimu sana, na sikuwajibu kwa sababu wakati ule kila neno lilikuwa na tafsiri yake. Leo nawajibu kwa heshima hiyo hiyo, maana anayeumia kwa ajili ya shangazi yake hajasahau alikotoka.

Nilikuwa hapa Machi 13, 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya. Tangu hapo, kwa miezi mingi, yeye au mmoja wa wasaidizi wake alisimama mbele ya kamera kila siku, mara nyingi pale Afya House, makao makuu ya wizara yake, na kusoma idadi ya sampuli zilizopimwa, walioambukizwa, waliopona, waliofariki, kisha kaunti moja baada ya nyingine. Matatu nilizopanda zilikuwa na abiria wanane badala ya kumi na wanne, na taarifa ile ilipoanza redioni makanga alipunguza muziki bila kuombwa. Kulikuwa na ubishi mwingi kuhusu namba zile. Wengine walisema zimepunguzwa, wengine wakadai zimetiwa chumvi ili misaada ije. Lakini kulikuwa na kitu cha kubishia. Mama muuza mboga wa mtaani kwetu alijua kama mtaa wa Eastleigh una maambukizi mengi, na alipanga safari yake ya soko la Gikomba kwa kujua hivyo.

Nyumbani tulianza vizuri, na hili nalisema kwa fahari. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri Ummy Mwalimu alimtangaza mgonjwa wetu wa kwanza, msafiri aliyeingia Arusha akitokea Ubelgiji, na siku iliyofuata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafunga shule. Mambo yalielezwa kwa Kiswahili safi, kwa utulivu, bila kumtisha mtu. Kisha tukafika mwanzoni mwa Mei, namba zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikabaki hapo kwa zaidi ya mwaka mzima. Mapapai yaliyosemwa kupimwa na kukutwa na korona mnayakumbuka, nyungu za kujifukiza mnazikumbuka, na misiba ya Januari na Februari 2021 kila ukoo unaijua yake. Katika miezi ile mtu mmoja mwenye cheo alisema wazi kwamba ameugua korona. Alikuwa Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilitoa taarifa mapema, naye akafariki Februari 17. Mpaka leo namheshimu kwa taarifa ile kuliko kwa mambo mengine mengi yanayotajwa anapokumbukwa.

Niseme sasa juu ya wageni, kwa kuwa hapo ndipo kazi yangu ilipo. Nafanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha maeneo ya Industrial Area, na watu wanaopita mezani kwangu ni madereva wa malori, wenye mizigo na wafanyabiashara wanaovuka mpaka wa Kenya na Tanzania pale Namanga, Holili na Sirari. Kenya ilipofungua anga kwa safari za kimataifa Agosti 1, 2020, masharti yalisomwa hadharani: cheti cha PCR, kipimo cha maabara cha korona, kisichozidi saa 96 kabla ya safari, joto la mwili lisilozidi nyuzi 37.5, na kusiwe na dalili. Sisi tulikuwa tumefungua anga tangu Mei 18 na kuondoa karantini ya siku 14. Tanzania haikuwamo katika orodha ya kwanza ya nchi ambazo wasafiri wake wangeingia Kenya bila karantini, nasi tukajibu kwa kuizuia Kenya Airways kutua kwetu, na baadaye mashirika mengine ya Kenya, mpaka katikati ya Septemba orodha ilipobadilishwa.

Wakati ule nilikasirika pamoja nanyi. Niliona tumedharauliwa na jirani. Lakini mwenzangu mmoja wa ofisini, Mkenya, mtu mpole asiyependa kubishana, aliniuliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake: wangetuweka kwenye orodha kwa kutazama namba gani? Yeye hakuuliza kwa kejeli. Alikuwa na mzigo uliokwama na alitaka kumweleza mteja. Miezi michache kabla ya hapo madereva wetu walikuwa wakipimwa Namanga na kurudishwa, Arusha wakalalamika kwamba majibu yale yalilenga kuharibu utalii wetu, malori yakapanga foleni pande zote mbili, na mawaziri wakalazimika kukutana pale pale mpakani na kukubaliana kwamba kila nchi ipime madereva wake na kuwapa vyeti. Dereva mmoja wa Moshi alilala kwenye kichwa cha lori lake, akipika kwa jiko la mchina chini ya tela, na kila jioni alinipigia simu kuuliza kama kuna tangazo lolote. La Kenya nilimsomea. La kwetu sikuwa nalo.

Hapa ndipo msemaji wa nyumbani ananikatiza na hoja yake yenye nguvu kuliko zote, nami sitaikwepa. Anasema: hao waliotangaza walipata nini? Walifungiwa ndani kuanzia saa moja jioni, wakapigwa virungu kwenye kivuko cha Likoni hata kafyu haijaanza, watu wakapoteza maisha mikononi mwa polisi, waliowekwa karantini wakadaiwa fedha za malazi kana kwamba walijipeleka wenyewe, na bado mabilioni ya KEMSA, shirika la serikali yao la kununua dawa na vifaa tiba, yakaliwa. Sisi tulilima, tukafanya biashara, watoto wakarudi shule Juni, hakuna askari aliyetugusa.

Ni kweli yote. Niliyaona. Usiku wa kafyu hapa Nairobi haukuwa kitu cha kusifia, na mara nyingi katika usiku ule nilimshukuru Mungu kwamba mama yangu, alipokuwa hai, hakuwahi kuyaona maisha ya namna hiyo. Tanzania ilikataa kumpiga mtu kwa sababu ametoka kutafuta unga, na kwa hilo nitajivunia utaifa wangu popote nitakapoulizwa. Lakini ndugu yangu, unachanganya mambo mawili. Kumfungia mtu ndani ni jambo moja, na kumwambia mtu kuna ugonjwa ni jambo jingine. Tungeweza kabisa kuwaacha watu wetu wakalime na wakati huo huo tukawasomea namba kila jioni. Hakuna kirungu kinachohitajika ili waziri asimame aseme leo tumepima wangapi. Wakenya walikosea katika kafyu na wakapatia katika tangazo. Sisi tulipatia katika kuwaacha watu watafute riziki, na nashindwa kuelewa kwa nini tulilipia jambo hilo zuri kwa ukimya.

Hoja ya pili ni ya utalii, kwamba ukitangaza ugonjwa mgeni haji. Basi tutazame yaliyotokea. Uingereza ilizuia wasafiri kutoka Tanzania tangu Januari 22, 2021, kwa hofu ya kirusi kilichogunduliwa Afrika Kusini. Kenya nayo, pamoja na kutangaza kwake kote, iliwekwa na Uingereza kwenye orodha nyekundu ya nchi zilizozuiwa Aprili 9 mwaka huo, kwa hiyo sidai kwamba ukweli ulimkinga mtu. Nairobi ilichukia, ikawawekea abiria wa kutoka Uingereza karantini ya siku 14, ikasimama na takwimu zake mkononi kubishana, na Septemba 22 ikaondolewa. Sisi tulitoka Oktoba 11. Sitasema ni takwimu peke yake zilizoleta tofauti hiyo, kwa maana maamuzi yale yalikuwa na mengi ndani yake, mengine ya dharau tupu kwa Afrika. Ninachosema ni kwamba mwenye takwimu alikuwa na cha kuweka mezani.

Na tazameni jambo la karibu zaidi. Julai 31, 2024 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa mpox, yaani homa ya nyani, mtu aliyekuwa akisafiri kutoka Uganda kwenda Rwanda kwa kupitia Kenya, aliyegunduliwa kwenye kituo cha mpakani Taita-Taveta, yaani mlangoni kwetu. Walisema mahali na wakasema njia aliyopita. Wageni hawakukimbia. Hapa ofisini hakuna mteja aliyefuta safari kwa sababu hiyo. Madereva wetu wa Holili waliambiwa wanawe mikono, waeleze wakiona vipele, na kazi ikaendelea.

Tena hatuwezi kusingizia kwamba hatujui namna ya kufanya. Mei 2021, chini ya Rais Samia, tulianza kuwadai wasafiri cheti cha PCR kisichozidi saa 72, na Julai 28 yeye mwenyewe alichanjwa mbele ya kamera. Nililia siku ile, na sioni aibu kusema. Machi 21, 2023 Marburg ilipoingia Bukoba vijijini kwa mara ya kwanza katika historia yetu, tulitangaza, wataalamu wetu wakafuatilia waliokutana na wagonjwa, wakahesabu siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya siku 21 ambazo ugonjwa unaweza kujificha mwilini, na Juni 2 tukatangaza kwamba umeisha. Watu tisa waliugua, sita wakafariki. Kenya hii inayosifiwa inaijua Marburg tangu 1980, na haijawahi kuimaliza kwa kazi nzuri kuliko ile ya vijana wetu wa Kagera. Ndiyo maana ukimya wa Januari 2025 ulinishinda kuuelewa. Mnaoniita msaliti, nielezeni ninyi: kwa nini kazi tuliyoiweza mwaka 2023 ilituwia ngumu miaka miwili baadaye?

Huenda mtu ataona siku sita si kitu. Kwa mtu wa mjini huenda zisiwe kitu. Kwetu Kagera, katika siku sita mgonjwa anakuwa ameuguzwa na dada zake kwa mikono mitupu, amekufa, ameoshwa, watu wamelala msibani, na waliomwosha wamepanda basi kurudi Mwanza, Kahama na Nairobi. Marburg haisambai kwa hewa, inasambaa kwa damu, matapishi na jasho, yaani kwa mambo yale yale tunayofanya kwa upendo. Shangazi yangu hakuhitaji kafyu. Alihitaji mtu mwenye mamlaka amwambie jambo lile lile nililomwambia mimi kwenye simu, ili asinione kama kijana aliyeharibiwa na mji.

Mwaka huu tena wenzangu wa ofisini wananiuliza kuhusu kwenda Zanzibar na Serengeti, na nawaambia waende, kwa kuwa hakuna nchi nzuri kama ile. Nawaambia wachanje homa ya manjano angalau siku kumi kabla ya kuvuka na wabebe kadi yao, maana huenda ikaulizwa mpakani. Wakiniuliza kama kuna ugonjwa wowote huko kwa sasa, nafungua kwanza taarifa za wizara yetu, kisha za Nairobi. Ningependa siku moja niishie kwenye zile za kwanza.