Kuikosoa dini si kumchukia muumini

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema anayeikosoa dini anawabagua wenye dini. Nakataa kabisa. Ibara ya 18 ya Tamko la Haki za Binadamu la 1948 inamlinda mtu na uhuru wake wa kuamini, hata wa kubadili dini. Haisemi mafundisho yasihojiwe. Na mwaka 2011 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza wazi kwamba haifai kumwadhibu mtu kwa kuwakosoa viongozi wa dini au kujadili mafundisho yao.

Ila wapo wanaojificha nyuma ya neno "ukosoaji", na hao wananiuma. Niliwahi kuchambua maombi ya kazi na mwenzangu. Akaisukuma kando barua ya dada mmoja kwa sababu tu pichani amevaa hijabu. Hakusoma hata mstari. Alikuwa anakosoa fundisho gani pale?

Mama yangu ni mcha Mungu. Tunabishana juu ya dini hadi usiku wa manane, rozari mkononi mwake, na kabla ya kulala ananiombea. Mtu akimdhalilisha kwa rozari ile, atanikuta mimi nimesimama mbele yake.