Haki tunazodai huku, na dada wa kazi nyumbani

Wengi wetu tulioondoka kuja ughaibuni, wito wa kutetea haki ulituingia siku tulipojikuta chini. Unasafisha nyumba za watu, unalea wazee wao, unaitwa kwa kidole, ndipo maswali yanaanza. Sioni ubaya. Dhamiri lazima iamshwe na kitu.

Ila huku ikishaamka ina pa kwenda: kuna chama cha wafanyakazi, mkaguzi wa kazi, mahakama ya kazi. (Tusidanganyane pia, ziko nchi ambako pasipoti ya mfanyakazi inakaa kwenye droo ya mwajiri, na habari za chama huko usiziulize.) Nyumbani anayedhulumu ni shangazi yako, na aliyedhulumiwa aliletwa na shangazi huyo huyo. Ukifungua mdomo, umemkosea heshima.

Majuzi tulikuwa tunakusanya saini kudai siku ya mapumziko kwa wanaofanya kazi za majumbani. Mwenzetu mmoja, mstari wa mbele siku zote, alisaini, akasogea dirishani, akapiga simu kwao. "Huyo dada naye kila Jumapili anataka kutoka? Mwambieni achague, kazi au matembezi." Akakata, akarudi kugawa vipeperushi.

Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani apumzike angalau saa 24 mfululizo kila wiki, na pasipoti na vitambulisho vyake akae navyo mwenyewe. Kwa haki hizo, mle hamna kifungu cha wanaolea wazee wa ughaibuni na kingine cha anayemwogesha mama yako, akaamka wa kwanza na kula wa mwisho.

Ndiyo maana simwelewi anayesema akistaafu atarudi kutumikia jamii. Arudi akipenda. Lakini mshahara wa yule dada anautuma yeye, kila mwezi, kutoka huku. Mwajiri ni yeye, kinachomficha ni umbali tu. Simu ile ile ya kuuliza kama mama amemeza dawa, aombe apewe dada. Amuulize anapumzika siku gani, na kama pesa inamfikia yote. Mama atanuna. Wadogo zake watasema ameharibiwa na huko aliko, na kwenye ugomvi huo hatakuwa na chama cha kumsimamia.