Mitandao ya Kijamii Husikiliza Kidole Kuliko Mdomo

Tarehe 5 Septemba 2006 Facebook iliwafungulia watumiaji wake ukurasa mpya wa mwanzo, uliokusanya mahali pamoja kila kilichobadilika kwa marafiki zao: nani kaweka picha, nani kaachana na mpenzi wake, nani kajiunga na kundi gani. Watu waliwaka. Ndani ya siku chache kundi la kuupinga ukurasa huo, lililoundwa humohumo Facebook, likawa na wanachama mamia ya maelfu. Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, aliomba radhi, mipangilio ya faragha ikaongezwa, lakini ukurasa haukuondoka. Sababu ni rahisi kuiona. Kundi lile lilikua kwa kasi ile kwa kubebwa na ukurasa uleule: mtu akijiunga, marafiki zake wote wanaona, nao wanajiunga. Waliokuwa wakiupinga ndio walioonyesha jinsi unavyofanya kazi.

Miaka mingi imepita na bado tunalalamika vilevile. Tunaandika maneno makali, tunatishia kuhama, kisha tunashinda mlemle tukisoma majibu ya wenzetu waliokasirika. Mtandao haupimi hasira, unapima matendo. Kwa macho ya mashine, mtu aliyekaa dakika arobaini akibishana kuhusu sura mpya ni mtumiaji aliyekaa dakika arobaini.

Inafaa kujua badiliko linavyofika kwenye simu yako. Mara nyingi haliachiwi kwa wote siku moja. Huwashwa kwanza kwa sehemu ndogo ya watumiaji waliochaguliwa kwa bahati nasibu, na kundi jingine huachwa na sura ya zamani ili liwe kipimo. Kisha makundi hayo hulinganishwa: nani karudi kesho yake, nani karudi baada ya wiki, nani anaposti, nani anatazama tu, nani anagusa matangazo. Ndiyo maana watu wawili wenye simu za aina moja na toleo lilelile la programu wanaweza kukaa bega kwa bega, mmoja akawa na kitufe ambacho mwenzake hana. Kitufe kimo ndani ya simu zote mbili, ila seva, yaani kompyuta za kampuni, imekiwasha kwa mmoja.

Kwa hiyo kuzima masasisho ili kuikwepa sura mpya hakusaidii sana, maana badiliko halisubiri sasisho. Kutafuta toleo la zamani kwenye tovuti za vichochoroni ni kubaya zaidi. Unaweza kupakua programu iliyochezewa, ukaikabidhi nywila yako, na usiipate ile sura uliyoitaka, kwa sababu seva ndiyo inayoamua.

Tena wapimaji wanajua kwamba siku za mwanzo hudanganya. Kidole kina mazoea. Kitufe cha kuposti kilichokuwa chini katikati kikihamishiwa juu, kidole kitaendelea kwenda chini kwa siku kadhaa, kikikosea na kufungua kitu kingine. Anayesoma takwimu kwa makini husubiri wiki kadhaa vidole vizoee ndipo aamue. Hapo kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji: malalamiko ya siku tatu za kwanza yalitarajiwa, na yameshawekewa nafasi yake.

Lakini si kweli kwamba watumiaji hawashindi kamwe. Mwaka 2018 Snapchat ilibadilisha mpangilio wake ikachanganya hadithi za marafiki (picha na video fupi zinazofutika) na mazungumzo, na zaidi ya watu milioni 1.2 wakatia saini ombi la kutaka sura ya zamani. Kampuni ilijibu kwa upole kwamba sura mpya inabaki. Miezi michache baadaye hadithi za marafiki zilianza kurudishwa upande wa pili, zikatenganishwa na mazungumzo. Na katika robo ya pili ya mwaka huo watumiaji wa kila siku walishuka kutoka milioni 191 hadi milioni 188. Mimi naamini saini peke yake zisingetosha. Watu walipunguza kufungua programu, na hilo halina jibu la upole.

Instagram nayo, Julai 2022, ilikuwa ikijaribu ukurasa wa mwanzo unaojaza skrini nzima, na video za watu usiowafuata zilikuwa zimezidi. Nyota wenye wafuasi wengi mno, akina Kylie Jenner na Kim Kardashian, walisambaza ujumbe wa kuupinga mwelekeo huo, na siku chache baadaye Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, akatangaza kusitisha jaribio na kupunguza mapendekezo kwa muda. Wengi wanakumbuka majina makubwa tu. Mosseri mwenyewe alikiri kwamba hata takwimu za matumizi hazikuwa nzuri.

Ushindi mdogo hupatikana kirahisi zaidi, hasa pale ombi linapokuwa dogo na wazi. Novemba 2014 WhatsApp ilileta tiki za bluu zinazoonyesha kwamba ujumbe umesomwa, watu wakaona wamevuliwa nguo, na kabla mwezi haujaisha likaanza kuja chaguo la kuzizima. Februari 2017 iliondoa ule mstari mfupi wa maneno chini ya jina lako, ikaweka picha na video zinazofutika baada ya saa 24. Watu wakaudai mstari wao, ukarudishwa mwezi uliofuata. “Rudisheni kila kitu kama zamani” ni ombi ambalo mhandisi hawezi kulifanyia kazi. “Nipeni swichi ya kuzima hiki” ni kazi ya wiki chache.

Kinachonikera kuliko vyote ni chaguo lililotolewa kisha likafichwa. Machi 2022 Instagram ilirudisha mpangilio wa kufuata wakati, ambao wengi waliulilia tangu 2016. Lakini ilibidi uguse jina la Instagram juu ya skrini, uchague akaunti unazofuata, na ukifunga programu na kuifungua tena unarudishwa kwenye mpangilio wa algorithimu, ule unaopangwa na mashine. Hapakuwa na njia ya kuufanya uwe wa kudumu. Wachache wakiutumia, inasemwa kwamba watu hawauhitaji. Huo si upimaji wa haki, na ningependa watumiaji wapigane hapo kuliko kupigana na rangi za vitufe.

YouTube ilipoificha idadi ya waliochukia video, Novemba 2021, ilisema inawalinda watengenezaji dhidi ya mashambulizi ya makundi. Hoja ina uzito. Ila fikiria mtu anayetafuta namna ya kurekebisha kompyuta isiyowaka. Zamani aliona dole gumba la chini likiwa na idadi kubwa, akajua njia ile ni mbovu kabla hajafungua skrubu hata moja. Sasa inabidi asome maoni, na mwenye video anaweza kuyafuta.

Basi ukichukizwa na badiliko, anza kwenye mipangilio ya programu, sehemu ya arifa, faragha na mapendekezo ya maudhui. Swichi mpya mara nyingi huzikwa humo. Video usiyoitaka usiitazame mpaka mwisho kwa hasira. Ishikilie au gusa nukta tatu, uchague kwamba haikuvutii, na urudie kila inapotokea nyingine ya aina hiyo, maana mara moja haitoshi. Ripoti tatizo ndani ya programu yenyewe, ukitaja kitufe, skrini na ulichokuwa ukijaribu kufanya. Na kabla ya kuhama popote, omba nakala ya data yako. Kwenye Facebook na Instagram chagua kipindi chote, kwa kuwa wakati mwingine huwekwa mwaka mmoja tu, na muundo wa HTML, unaofunguka kama ukurasa wa tovuti, kama unataka kuisoma mwenyewe. Kiungo kikifika pakua mapema; huisha muda baada ya siku chache, na itakubidi uombe upya.