Shangazi Katua Songwe, Mimi Nikatua Vwawa

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nalitaja mapema kwa sababu wenzangu shuleni hawakubali nisimulie mkasa huu bila kulitaja, na nikilisahau wanalitaja wao, kwa sauti.

Ilikuwa wiki yangu ya tatu Mbeya, nimehamia nikitokea Muheza. Kwetu mtu akionekana na sweta huulizwa kama ana homa. Nami nilikuwa nimeangukia Juni ya Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, nikitoka nyumbani na makoti mawili, moja juu ya jingine, la ndani likiwa la marehemu babu. Kina mama wauza maparachichi wa Isyesye wakiniona kwanza wanacheka, halafu wananisalimu kwa heshima zote: "Ugonile, mwalimu!" Nami najibu "Ndaga!" Ndilo neno pekee la Kinyakyusa nililokuwa nalo. Maana yake ni asante, lakini mimi nililitumia kusalimu, kushukuru, kutoa pole na kukataa kununua.

Sasa, kwa asiyeujua mji wenyewe. Mbeya si mji wa kuuzunguka, ni mji wa kuufuata. Umelala bondeni, Loleza ukiuchungulia kutoka juu, milima ya Uporoto ikiukalia upande wa pili, basi haukupata pa kutanukia ila kuandamana na barabara kuu ya Zambia. Kichwa kiko Uyole, njiapanda ya Tukuyu na Kyela. Miguu imevuka mpaka wa jiji, inaning'inia Mbalizi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 541,603 jijini, na saa moja asubuhi utaapa wote wamo kwenye bajaji moja na wewe, na mwenye tenga la nyanya ndiye uliyempakata.

Majina ya mitaa ndiyo yaliyonivuruga tangu mwanzo. Siku niliyotafuta nyumba, dalali aliniambia kuna chumba Ghana, kingine Ruanda, na kama bei zinanishinda tujaribu Soweto. Nilidhani ananitania kwa sababu ya somo langu. Kumbe kweli, Mbeya unaizunguka Afrika kwa bajaji, na pasipoti hauulizwi. Hapo ningeshika adabu: katika mji huu jina ni jina tu, halikupi ahadi kwamba kitu kiko huko. Sikushika.

Shangazi akapiga simu. Ndiye aliyenilea, na ndiye mtu pekee duniani ambaye nikisikia sauti yake nakaa vizuri hata nikiwa peke yangu.

"Nakuja kuiona hiyo baridi inayokuvalisha koti la baba yangu," akasema. "Watoto wamenikatia tiketi ya ndege. Nitatoka Dar, natua Songwe Jumamosi saa nane mchana. Uje unipokee, mimi huko sikujui."

"Usiwe na wasiwasi, shangazi. Songwe naifahamu."

Na kweli niliifahamu. Ndiyo balaa lenyewe. Usiku ule nilipanga hoja kama ninavyowapangia wanafunzi ubaoni. Mkoa wa Songwe umemegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Makao makuu yake ni Vwawa, wilayani Mbozi. Uwanja wa ndege unaitwa Songwe. Kwa hiyo uwanja uko mkoani Songwe, na uwanja wa mkoa utakuwa wapi kama si makao makuu ya mkoa? Vwawa. Kilomita zipatazo 70. Jirani yangu, mzee mstaafu wa reli ya TAZARA, alibisha hodi kuniuliza kama nimeelekezwa njia ya uwanjani. Nikamwambia mzee wangu, mimi nina digrii ya mambo haya. Akasema sawa, akaenda kulala.

Jumamosi nikatoka saa nne. Nikamwambia kijana wa bajaji anipeleke nikapate magari ya uwanja wa ndege. Yeye kati ya maneno yale akashika mawili ya mwisho. Tukakata mitaa, tukapanda, tukashuka, akazima injini penye uwanda mpana wa majani na watoto wanaocheza mpira.

"Tumefika."

"Tumefika wapi?"

"Uwanja wa ndege."

Nikatazama juu. Nikatazama watoto. Golikipa wao naye akanitazama mimi na makoti yangu.

"Ndege ziko wapi?"

"Aaa!" akajipiga paji. "Wewe unataka uwanja wenye ndege! Huu ni ule wa zamani, mwalimu. Ndege zilihama, 2012 hiyo, zikaenda Songwe. Sasa kule unafuata barabara ya Tunduma, ukishapita Mbali..."

"Songwe! Nilijua!" nikamkata. Nilifurahi mno kusikia hoja yangu imethibitishwa na mwenyeji, sikutaka kupoteza muda na maelezo. Kijana akabaki mdomo wazi na ile "Mbali" yake. Nusu tu ya neno Mbalizi ilibaki, kijana wa watu, na mimi nikadhani ananiambia ni mbali.

Barabarani nikadaka Kosta ya Tunduma. Konda akauliza, "Unashuka wapi, mwalimu?" (Sijui alijuaje. Nadhani ni makoti.)

"Songwe."

"Songwe hapo?"

"Hapo wapi? Songwe mkoani."

"Mkoani ni Vwawa."

"Hapo hapo."

Akanitoza nauli ya Vwawa, nikailipa kwa moyo mkunjufu.

Safari ilienda kwa mwendo wa harusi. Barabara inapanuliwa, vumbi kila upande, na malori ya Zambia na Kongo yamejipanga kama yanagombea kuingia mbinguni. Nzovwe, Iyunga, mlima Iwambi, Mbalizi, kila mahali tunasimama tunasukumwa, mwenye kabichi anapanda, mwenye godoro anashuka. Jirani yangu wa siti alikuwa mama mmoja mwenye kuku mwekundu kapakatwa, kuku mtulivu, asiye na neno na mtu.

Tulipoipita Ifisi, nikasikia mngurumo. Nikainama dirishani. Ndege! Inashuka taratibu, matairi yamekwisha toka, na saa yangu inasema saa nane kasoro.

"Mama, unaiona ile ndege?" nikasema. "Ina shangazi yangu."

"Oho. Basi si ushuke? Inatua hiyo."

Nikatabasamu tabasamu langu la darasani. "Haitui, mama. Hapo inapunguza mwinuko tu. Ina safari bado, itatua Vwawa."

Mama akanitazama. Akaitazama ndege, ambayo wakati huo ilikuwa inagusa lami. Akamwinua kuku wake kutoka paja la upande wangu, akamhamishia paja la pili.

Na kibao nilikiona, Mungu shahidi. Kibao kizima, herufi za kusomeka na mwenye mtoto wa jicho: uwanja wa ndege wa Songwe. Nikakisoma hadi mwisho, nikajisemea, vizuri, wameanza kuelekeza watu mapema.

Kosta ikapandisha Senjele kwa gia ya kulia, tukapita Mlowo, tukaingia Vwawa. Nikashuka, nikajikung'uta vumbi, nikalisogelea kundi la vijana wa bodaboda.

"Habari zenu. Uwanja wa ndege ni upande gani?"

Kimya. Mmoja akauliza kwa upole, "Wa mpira?"

"Wa ndege. Ndege, ndege. Nampokea shangazi."

Wakatazamana wote wanne. Mkubwa wao akashuka kwenye pikipiki, dalili kwamba jambo ni zito.

"Mwalimu, huku hakuna uwanja wa ndege. Kitu kilichowahi kutua huku kutoka juu ni kimondo."

Kimondo cha Mbozi nakijua. Bonge la chuma la tani 16, nimelifundisha miaka saba, nimewachorea watoto hadi mishale ya kuonesha lilivyoanguka. Sikuwahi kufikiri nitakuja kulinganishwa nalo.

"Kwani shangazi kaja na hicho?" akauliza mdogo wao, wakaanguka kicheko, mmoja akashikilia usukani asidondoke. Mwingine, mfanyabiashara wa kweli huyu, akawasha pikipiki: "Twende nikupeleke kimondoni basi, usiwe umekuja bure."

Simu ikaita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Uko mlango gani, baba?"

"Shangazi, nipo... nipo Songwe."

"Nami nipo Songwe. Sikuoni. Hapa abiria wote wamechukuliwa na watu wao, tumebaki mimi, gunia langu la machungwa na askari. Askari mwenyewe ameshakula matatu."

"Mimi niko Songwe ya mkoa, shangazi. Vwawa."

"Vwawa ndiyo nini?"

"Ni makao makuu ya Mkoa wa Songwe," nikasema. Sauti ilitoka yenyewe, ile ya darasani. Nyuma yangu wale vijana walianza upya.

Shangazi alinyamaza kitambo. Halafu nikamsikia akimwuliza askari, askari akijibu kwa kirefu, kisha vicheko viwili, na chake kimojawapo.

"Askari anasema hapa ni Bonde la Songwe, na mkoa ni Mbeya. Anasema hata mtoto wake anajua. Wewe baki huko huko kwenye makao makuu, mimi nitajua la kufanya."

Akakata.

Kurudi sikuona siti hadi saa kumi na moja, na tulipofika Senjele, lori limekwama kwenye kona, foleni juu, foleni chini. Tulishuka garini tukasimama kando ya barabara kama waombolezaji. Baridi ya jioni ikaingia. Nilimpigia shangazi mara sita, hapokei. Nikamwona akilini amekalia gunia kizani, na baba yake, yaani babu mwenye koti, akinitazama kutoka ahera.

Nilifika Isyesye saa tatu na nusu usiku. Kwangu taa zinawaka. Sebuleni kumejaa watu: mzee wa TAZARA na mkewe, kina mama wawili wa maparachichi, watoto nisiowajua, na yule kijana wa bajaji wa asubuhi, amekaa kwenye kiti changu. Sakafuni maganda ya machungwa. Katikati yao shangazi, kajifunga khanga mbili na blanketi langu.

"Umefikaje hapa?" nikauliza, hata shikamoo nimesahau.

"Kwa miguu yangu na mdomo wangu. Askari akanivusha barabara, nikapanda gari la abiria, nikashushwa Nane Nane. Pale nikamwambia huyu kijana, nipeleke kwa mwalimu wa Tanga anayevaa makoti mawili."

"Nikamwuliza," kijana akadakia, "yule anayejibu 'ndaga' hata akipewa pole?"

"Nikajua ndiye," akasema shangazi.

Sasa mzee wa TAZARA akaona saa yake imefika. Alikuwa ameisubiri tangu ile hodi ya usiku. Akachukua maganda, akayapanga juu ya stuli: hili Uyole, hili Mbalizi, hili uwanja. Ganda jingine akalisogeza mbali, Mkoa wa Songwe. Ndani yake akaweka kipande, Wilaya ya Songwe, ambayo makao makuu yake ni Mkwajuni, wala si Vwawa. Halafu akachovya kidole kwenye chai, akachora mito: mmoja unaotupakanisha na Malawi na kuingia Ziwa Nyasa, mwingine unaokwenda Ziwa Rukwa.

"Yote miwili ni mto Songwe," akasema.

"Naijua, mzee," nikasema kwa unyonge. "Huwa naifundisha."

"Ndiyo maana nikaenda kulala," akajibu.

Mama mmoja wa maparachichi akanipa pole. Nusura niseme ndaga. Shangazi akanisikia nikimeza neno, akageuka kwa yule mama, akamwaga shukrani: "Ndaga fijo, mwenzangu." Kakaa Mbeya saa saba tu, tayari ana maneno mawili.

Halafu akaninyooshea mkono. "Lete koti la baba. Vua. Wewe unalo jingine."

Alikaa wiki mbili. Alipajua Mwanjelwa kuliko mimi, akarudi na mchele wa Kyela kwa bei ambayo sijawahi kuipata hadi leo. Siku ya kuondoka niliamka alfajiri, nikaoga, nikavaa koti langu moja lililobaki. Nikamkuta nje, keshapakia mizigo kwenye bajaji ya yule kijana.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Nakusindikiza uwanjani, shangazi."

"Baki, baba," akasema, akipanda. "Mimi nataka kuiwahi ndege."